Kuhama Nyumba Bila Kutoka Chumbani

Ofisi yangu ni chumba. Tena siyo chumba kizima, ni nusu. Upande wa dirishani ipo meza, kompyuta, printa na boksi la karatasi. Upande wa mlangoni kipo kitanda changu na ndoo ya maji. Katikati nimetundika kanga mbili za mama zilizoshonwa pamoja, ili mteja akiingia asione nilivyolala. Nyumba ni ya mama, mtaa ni Mwananyamala, na nje mlangoni nimebandika karatasi: TUNACHAPA KAZI ZA CHUO, BARUA, KADI, RATIBA. Hiyo "tunachapa" isikudanganye, ndugu msomaji. Niko peke yangu.

Mwaka 2025 nilihama ndani ya chumba hicho hicho. Sikubeba godoro wala sufuria. Meza ilibaki palepale, kompyuta ilikuwa ileile, na mama hakujua kama kuna kilichobadilika hadi nilipomwambia. Nilihama kutoka Windows kwenda Linux. Najua kuna atakayesema hayo ni mambo ya mafundi, sisi waandishi yanatuhusu nini? Naomba uvumilivu kidogo. Yananihusu mimi, na yanamhusu mzee mmoja ambaye nusura nimpotezee maisha yake yote yaliyoandikwa. Na ukimaliza kusoma, huenda ukakuta yanakuhusu na wewe.

Kompyuta yangu niliinunua mtumba Kariakoo mwaka 2019. Ndani ina prosesa ya Core i5 ya kizazi cha 3, toleo la mwaka 2012, na ramu ya GB 4. Siku ileile muuzaji alinipeleka kwa fundi ghorofani, fundi akanipigia windo kwa shilingi 10,000. Mlioko mjini mnajua maana ya kupiga windo. Fundi anachomeka flashi yake, anaingiza Windows 10, anaingiza Word na ndugu zake, halafu anaingiza na kakitu kadogo ka kuvunjia kufuli ili programu zisidai leseni. Kakitu hako hakakai mpaka uzime ulinzi wa virusi, maana ulinzi ukikaona unakafukuza. Basi fundi akazima ulinzi, akaniambia, "Usije ukauwasha huu, dada." Nikaitikia. Sikuuliza kitu. Kwangu mimi windo lilikuwa kitu kinachopigwa na fundi, kama bati linavyopigwa misumari.

Kwa miaka sita nilikula kwa mashine hiyo. Nilichapa tasnifu za wanachuo, barua za kuomba kazi, kadi za harusi, mihutasari ya vikoba, na usiku wateja wakishaondoka nilichapa hadithi zangu. Ada ya mdogo wangu ilitoka humo. Ndiyo maana nasema ofisi, hata kama ni nusu chumba.

Sasa njoo kwa Mwalimu.

Ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Alianza kazi mwaka 1975, mwaka mmoja baada ya Azimio la Musoma, wakati serikali ilipokusudia kila mtoto aingie darasani na walimu hawatoshi. Alifundisha vijijini, akahamishwa, akahamishwa tena, na kote alikopita aliandika. Alikuja kwangu na kaunta buku nne zilizofungwa kwa uzi wa katani. Anataka kitabu. Kila Jumamosi asubuhi alikuja na kurasa zake, anakaa kwenye stuli, ananisomea mwandiko wake mahali ninapokwama, nami nachapa. Shilingi 500 kwa ukurasa. Akiona nimekosea "ambaye" na "ambae" ananisahihisha papo hapo, halafu anasema, "Endelea, mwanangu."

Alikuwa na sharti moja. Kazi isibaki kwenye kompyuta yangu. Nikimaliza naihifadhi kwenye flashi yake, kisha nafuta kwangu yeye akiona. "Siyo kwamba nakushuku," aliniambia. "Ila siku hizi kazi ya mtu inaibiwa ikiwa bado ya moto." Sikukasirika. Na mimi nilikuwa nimeshaibiwa, nitakueleza. Kwa hiyo kaunta buku zilikuwa nakala ya kwanza, na flashi ndiyo nakala ya pili, yenye masahihisho yote, aya zilizopangwa upya na sura tatu ambazo Mwalimu alizitunga akiwa amekaa hapohapo kwenye stuli, akinitajia kwa mdomo. Hizo tatu hazikuwa kwenye daftari lolote duniani. Kufikia mwezi Juni mwaka 2025 tulikuwa na kurasa 214.

Jumamosi moja akaja kama kawaida. Shikamoo, marahaba, chai ya rangi. Nikachomeka flashi. Ikafunguka, na ndani yake hakukuwa na sura hata moja. Kulikuwa na vijialama vyenye mshale mdogo pembeni, vimebeba majina ya mafaili yetu, ukibonyeza hakuna linalofunguka. Nikachomoa, nikachomeka tena. Vilevile.

Kama una steshenari au umewahi kuchapisha kazi kwenye steshenari unavijua virusi hivyo. Huingia kwenye flashi, hulificha kila faili la kweli, kisha huweka njia ya mkato ya uongo yenye jina lilelile. Ukibonyeza ile ya uongo, unakuwa umemfungulia mwizi mlango. Lakini wakati ule sikuwa najua hivyo. Nilichojua ni kwamba kurasa 214 hazionekani na mwenye nazo amekaa nyuma yangu anakunywa chai.

"Vipi?" akauliza.

"Inasumbua kidogo, Mwalimu."

Akasogea, akainamia kioo. Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. "Zimepotea?"

"Hazijapotea. Zimejificha." Nilisema tu, kama mtu anavyomwambia mgonjwa kwamba atapona.

Nikamwomba aniachie flashi mpaka Jumatatu. Aliitazama muda mrefu kabla ya kuiacha, akaiweka mezani taratibu, akaenda zake hata chai hakuimaliza.

Jioni mdogo wangu akarudi kutoka chuoni. Yupo mwaka wa pili, na amekuwa miongoni mwa wale vijana wanaotembea na flashi tatu mfukoni. Nikamsimulia nikiwa karibu kulia. Hakusema kitu. Akazima kompyuta, akachomeka flashi yake moja, akawasha huku anabonyeza kibodi, na baada ya dakika chache kikatokea kioo nisichokijua. Rangi nyingine, menyu nyingine. Nikapiga kelele, "We! Unafuta kompyuta yangu?"

"Sijafuta kitu, dada. Hii ni Linux. Inatembea kutoka kwenye flashi, haijagusa diski yako. Nikizima na kuichomoa, unarudi kwenye windo lako kama kawaida."

Akachomeka flashi ya Mwalimu. Akaifungua.

Ndugu msomaji, zilikuwepo. Sura ya kwanza, sura ya pili, zote mpaka ya kumi na tisa, zimekaa kwa mpangilio ndani ya folda moja isiyo na jina, na pembeni vile vijialama vya uongo vimekaa havina la kufanya. Mdogo wangu akanieleza bila mbwembwe: virusi vile huyapiga mafaili alama ya "fichwa", na Windows inaiheshimu alama hiyo. Linux inaonyesha flashi ilivyo, alama haiifichi kitu. Na programu ya virusi imeandikwa kwa lugha ya Windows, huku haisomeki. Akanakili sura zote mahali salama, akaisafisha flashi, akazirudisha. Kazi ya robo saa. Mimi nilikuwa nimekaa kitandani nimejishika kichwa.

Halafu akasema neno ambalo sikulitaka. "Virusi havikutoka kwake. Vimetoka kwako."

Nikabisha. Akanionyesha. Mwalimu flashi yake haingii kompyuta nyingine yoyote. Yangu inaingiliwa na flashi ishirini kwa siku, na mlinzi alikwishazimwa tangu mwaka 2019. Windows yenyewe ina ulinzi wake wa kutosha, ukiiacha ifanye kazi yake na ukaisasisha. Mimi ndiye niliyekubali izibwe macho ili nisilipie.

Hapo ndipo ikaja ile habari ya kuibiwa.

Mwanzoni mwa mwaka huohuo, mimi na wenzangu watatu tulikuwa tumechanga hela tukatoa kijitabu cha hadithi. Nakala 100, bei shilingi 3,000. Tuliuza kwa mkono, kwenye mabasi na kwenye mikutano ya washairi. Mwezi haujaisha, nikakikuta kijitabu chetu steshenari moja karibu na chuo, kimetolewa fotokopi, kimebanwa pini, kinauzwa buku. Jalada letu limetoka jeusi, sura zetu hazionekani. Niligombana na yule bwana hadi watu wakajaa. Wiki nzima nilikuwa naimba wimbo mmoja nyumbani: wezi, wezi, mwandishi wa nchi hii atakufa njaa kwa ajili ya wezi. Nilikuwa nimeshaisoma hata Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, naitaja kila nafasi.

Mdogo wangu akanitazama. "Na wewe windo lako ulimlipa nani?"

"Fundi."

"Fundi ndiye aliyeliandika?"

Nikanyamaza. Sheria ileile niliyokuwa naitangaza inalinda maandishi, na ndani ya maandishi imezitaja programu za kompyuta. Nilikuwa nimeisoma, ila mstari huo niliupita haraka. Yule bwana wa steshenari alitoa fotokopi ya kitabu changu kwa mashine. Mimi nilimchapa yeye maneno nikiwa nimekalia fotokopi yangu mwenyewe, na jasho la miaka sita limepita juu yake. Utasema kampuni kubwa ya Marekani haiwezi kuumia kwa nakala moja ya Mwananyamala. Nilisema hivyohivyo. Lakini na yule bwana alisema: vitabu 10 tu, dada, vitakuumiza nini?

Nilikuwa na njia mbili. Ya kwanza, kununua leseni halali. Lakini wakati wenyewe ulikuwa umenikaba. Microsoft walikuwa wametangaza kwamba marekebisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10 yatakoma tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa waliojiandikisha kuongezewa muda. Kwetu tarehe hiyo ni sikukuu, kumbukumbu ya kifo cha Mwalimu Nyerere, kwa hiyo haikunitoka kichwani. Na Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, inataka kompyuta yenye chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa iliyomo kwenye orodha yao. Ya kwangu ya mwaka 2012 haimo. Leseni ilimaanisha na kompyuta nyingine, na hela hiyo nisingeipata bila kumtoa mdogo wangu chuoni.

Njia ya pili ndiyo ile iliyotoka mfukoni mwake.

Nikaanza kuulizia hiyo Linux ni mali ya nani. Nilidhani kuna mahali pa kulipa wamepasahau. Kumbe historia yake inasisimua kuliko hadithi zangu. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa kuandika mfumo mzima wa kompyuta ambao mtu yeyote ana ruhusa ya kuutumia, kuufungua ndani, kuubadilisha na kumgawia jirani. Mwaka 1991 kijana wa miaka 21, Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki kule Ufini, akaandika kiini chake, kisha akakitoa kwa masharti ya aina hiyohiyo. Watu wa nchi nyingi wakaongezea. Mwaka 2004 ikatoka Ubuntu, iliyoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lile ni ndugu wa damu wa neno letu "utu". Juu ya Ubuntu ikajengwa Linux Mint, ndiyo aliyokuwa nayo mdogo wangu. Sisi kwa Kiswahili tunaziita programu huria. Ukizinakili hujaiba, maana mwenyewe amesema nakili.

Na kuna hili lililonitia aibu zaidi. Mwaka huohuo wa 2004, hapahapa Dar es Salaam, Chuo Kikuu kilishiriki kuifasiri programu huria ya kuandikia ikawa ya Kiswahili. Waliita Jambo OpenOffice. Mimi mwandishi wa Kiswahili sikuwa nimelisikia jina hilo hata siku moja.

Nikakata shauri. Wiki mbili niliijaribu Mint kutoka kwenye flashi, usiku usiku, kabla ya kuiweka. Nikanunua ramu nyingine ya GB 4 na diski mpya ndogo ya SSD. Mdogo wangu akanishauri, "Weka zote mbili kwanza, dada. Windows ibaki upande mmoja, Linux upande wa pili. Ukishazoea ndipo uamue." Nikakataa. Nilikuwa na hasira ya mtu aliyetubu jana. Nikasema sitaki kuona tena ule wizi, nakata kamba leo. Na ile diski ya zamani nataka iwe ya akiba, safi.

Nikahamisha kazi za wateja. Nikahamisha folda ya hesabu, folda ya kadi, folda ya picha. Nikazikagua mara mbili. Kisha Ijumaa usiku, mdogo wangu akiwa hayupo, nikaweka Linux kwenye SSD, nikaichukua diski ya zamani, nikaifuta yote, nikalala nimeridhika.

Jumamosi ya pili yake nikataka kuendelea na riwaya yangu. Nikaitafuta. Sura nane za mwanzo zilikuwepo, kwa sababu niliwahi kumtumia rafiki azisome. Sura tatu za mwisho zilikuwa kwenye kioo cha mbele, kwenye kafolda nilikokaita "mpya", na mimi nilikuwa nimenakili folda ya nyaraka tu. Diski niliyoifuta nilikuwa nimekwisha kuijaza kazi nyingine juu yake. Mdogo wangu alijaribu siku mbili kwa programu za kufukua vilivyofutwa. Tulipata picha za harusi za watu. Riwaya hatukuipata.

Mganga hajigangi. Ya Mwalimu niliiokoa, ya kwangu nikaizika kwa mkono wangu. Sikuwa na fundi wa kumlaumu wala kampuni. Nilikaa nyuma ya pazia siku nzima, mama akafikiri naumwa.

Lakini kodi ya umeme haingoji mtu aomboleze. Jumatatu wateja wakaja.

Mwezi wa kwanza ulikuwa mgumu, sitakuficha. Scana ilikubali papo hapo, printa ikagoma usiku mbili mpaka nilipoipata programu yake. Mwanachuo mmoja alileta tasnifu ya kurasa 60, kwangu ikafunguka kurasa 63. Nikajifunza habari ya fonti. Linux haiji na Times New Roman, inaleta pacha wake aitwaye Liberation Serif ambaye herufi zake zina upana uleule, kwa hiyo mistari haihami. Ila mwanachuo alikuwa ametumia na fonti nyingine ambayo kwangu haikuwa na pacha, na ndiyo iliyosukuma kurasa. Nikaitafuta fonti iliyolingana, kurasa 60 zikarudi.

Usiku mbaya kuliko wote ulikuwa wa ratiba ya mazishi. Saa mbili usiku akaja kijana macho mekundu. Amefiwa na baba, mazishi kesho saa nane, na ratiba aliyotengenezewa mahali pengine ina makosa ya majina. Faili lake lilikuwa la Publisher. Nikalifungua kwa LibreOffice: picha ya marehemu imehamia juu ya wasifu, maneno yamepandana. Nikahisi moyo unashuka tumboni. Kwa mara ya kwanza nikaitamani ile windo yangu ya shilingi 10,000. Nilijua ningeliwasha faili lile kwa dakika mbili.

Nikamwambia ukweli: faili hili kwangu halikai sawa, ila nikiandika upya toka mwanzo itakuwa tayari kabla hujalala. Akakubali, hakuwa na pa kwenda. Nikaanza. Alinisomea wasifu wa baba yake mstari kwa mstari. Tulipofika kwenye orodha ya watoto akanyamaza, akaniambia kuna mmoja aliyesahauliwa kwenye ratiba ya kwanza, mtoto wa nje, na mzee asingependa. Tukamwandika. Saa sita kasoro nikaprinti nakala 150. Nilipomtajia bei akalipa na kuongeza. Nilirudisha ile nyongeza.

Kidogo kidogo mkono ukazoea. Nikaweka kamusi ya Kiswahili ya kukagua tahajia, kitu ambacho kule sikuwahi kukiweka kwa miaka yote sita. We mwenzangu unayeandika unajua ile hali: unaandika ukurasa wa Kiswahili safi, kompyuta inaupigia wote mistari myekundu kama daftari la mtoto mzito. Nilikuwa nimezoea kiasi cha kutoiona. Siku mistari ilipotoweka, ikabaki miwili tu mahali nilipokosea kweli, niliiangalia ile kurasa kwa muda. Kumbe nilikuwa nimeishi na mashine inayoniambia lugha yangu ni kosa, na mimi nimekubali.

Na Mwalimu? Jumatatu ile ya Juni nilimrudishia flashi. Alihesabu sura moja moja kwa kidole kwenye kioo. Alifurahi, akasema Mungu akubariki. Nikapokea baraka nikanyamaza. Miezi ikapita, kila Jumamosi naibeba siri. Mwezi Oktoba, wiki ya ile sikukuu, nikashindwa.

"Mwalimu, vile virusi vilitoka kwangu."

Nikamweleza yote. Fundi, kufuli, ulinzi uliozimwa, kijitabu chetu, sheria, sura zangu tatu. Alisikiliza kama anavyosikiliza, mikono juu ya bakora. Nilingoja achukue flashi yake aondoke. Steshenari ni nyingi mjini.

"Nilipokuwa nafundisha," akasema, "mtoto akiiba kalamu darasani, wengi walirudisha wakishaona tunakagua mifuko. Wewe hukukaguliwa." Akanyamaza kidogo. "Lakini miezi minne, mwanangu! Umekaa nayo miezi minne unakunywa chai na mimi!"

Sikuwa na jibu. Na yeye hakunipa msamaha wa harakaharaka. Aliondoka mapema siku hiyo, na Jumamosi iliyofuata hakuja. Nilichapa kazi za watu huku sikio liko mlangoni.

Jumamosi ya baadaye akaja. Shikamoo, marahaba. Akatoa flashi, akanipa kurasa mpya, tukachapa mpaka adhuhuri. Nilipomaliza nikashika panya ili nifute nakala yangu, kama lilivyo sharti. Akaweka mkono juu ya mkono wangu.

"Iache," akasema. "Flashi ni moja, na mimi ni mzee."

Nikaihifadhi mahali patatu: kwangu, kwenye diski ya akiba, na kwenye flashi yake. Kila sura ina faili la kuhaririwa, lililo kwenye muundo wa wazi ambao ni kiwango cha kimataifa tangu mwaka 2006 na haufungwi na programu ya mtu mmoja, na ina nakala ya PDF ya kusomwa tu. Siku kompyuta yangu itakapokufa, atakayekuja ataweza kuifungua.

Sikuandika haya ili nikuvute uhame. Kama una leseni yako halali na kazi inakwenda, kaa ulipo kwa amani. Fundi wangu wa kadi za harusi hawezi kuhama, kazi yake inadai programu ambazo huku hazipo. Nakwambia tu mambo mawili matatu yaliyonigharimu. Jaribu kwa flashi kabla ya kuamua. Usifute cha zamani hata kama una hasira nacho. Nakala moja siyo nakala. Na kabla hujamwita mwenzako mwizi wa kazi yako, angalia umekalia nini.

Sura zangu tatu, mbili nimeziandika upya. Siwezi kukwambia kama ni nzuri kuliko zile, maana zile sizikumbuki sawasawa. Ya tatu bado. Kila nikianza naona si yenyewe. Juzi nilimweleza Mwalimu, akavuta stuli karibu na meza.

"Haya," akasema. "Safari hii nitaje mimi nini? Wewe sema, mimi nasikiliza. Ukikosea 'ambaye' nitakwambia."